Upanga wa Wajapani ambao hakuna anayeruhusiwa kuuona

Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za semina na majaribio, na umeme wa hosteli yetu nao ulikuwa unakuja na kuondoka bila kuaga. Leo nimepata nafasi, nimekaa zangu kimbwetani na chai ya rangi, nataka kutoa ile stori niliyowaahidi siku nyingi: stori ya upanga.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana tulipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kidato cha kwanza, somo la historia, mada ya vyanzo vya historia. Mada hiyo kila aliyepita sekondari anaijua: masimulizi, maandishi, akiolojia, lugha, makumbusho. Nikataka kuchangamsha darasa. Nikawasimulia upanga wa Japani uitwao Kusanagi, ambao kusema ukweli nilikuwa naujua juu juu tu, nusu kwa kusoma na nusu kwa katuni za Kijapani. Darasa likatulia kimya, macho yote kwangu, nikajiona mwalimu kweli kweli. Nikamalizia kwa mbwembwe kwamba upanga huo upo mpaka leo, umefichwa hekaluni, wala hakuna anayeruhusiwa kuuona.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hakuna anayeuona, wanajuaje kama upo?"

Jamani, nilikosa jibu. Na badala ya kukiri kwamba sina jibu, nikafanya kile wanachofanya walimu waoga: nikamwambia akae chini asiwapotezee wenzake muda. Akakaa. Mpaka namaliza wiki zangu pale shuleni hakunyoosha mkono tena.

Swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Muhula huu kila nikipata saa moja maktaba nalitafutia jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, HADITHI YENYEWE

Kwanza tuondoe picha moja kichwani. Ukisikia upanga wa Kijapani unaona ule mwembamba uliopinda, wa kwenye sinema za masamurai. Sahau huo. Panga za kupinda zilianza kushika kasi Japani mnamo karne ya 10. Huu tunaouzungumzia ni wa kale zaidi, wa aina wanayoiita tsurugi: umenyooka na una makali pande zote mbili.

Hadithi yake imo katika vitabu viwili vikongwe kabisa vya Wajapani, Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720. Inaanza na mungu mkorofi, Susanoo, mdogo wake Amaterasu ambaye ni mungu jua. Susanoo alifanya fujo huko mbinguni mpaka akafukuzwa. Akashukia nchi ya Izumo, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Japani, kando ya mto. Pale akamkuta mzee na mkewe wanalia, binti yao yuko katikati. Walikuwa na mabinti wanane. Kila mwaka joka lilikuja likameza mmoja, na sasa amebaki huyu wa mwisho, na siku za joka kuja zimewadia.

Joka lenyewe balaa: vichwa vinane, mikia minane, macho mekundu, mgongoni limeota miti, na mwili wake unalala kwenye mabonde manane na vilima vinane. Susanoo hakukurupuka. Akaomba kwanza apewe yule binti awe mkewe, wazee wakakubali. Akamgeuza kitana akamchomeka kwenye nywele zake ili awe salama. Halafu akawaambia wazee wapike pombe kali iliyorudiwa mara nane, wajenge uzio wenye milango minane, na kila mlango uwekwe pipa la pombe. Joka likaja, kila kichwa kikapata pipa lake, likalewa chakari likalala. Susanoo akaanza kulikatakata mpaka mto ukawa mwekundu. Alipofika kwenye mkia, upanga wake ukagonga kitu kigumu, ukapata pengo. Kupasua ule mkia akakuta ndani yake upanga mwingine. Akaona huu si wa kubaki nao, akampelekea dada yake mbinguni. Naye Amaterasu alipomtuma mjukuu wake kuja kutawala duniani, alimkabidhi vitu vitatu: kioo, kito na upanga huo. Ndiyo hazina tatu za wafalme wa Japani mpaka leo.

Jina la kwanza la upanga, Nihon Shoki inasema, lilikuwa la mawingu, kwa kuwa eti juu ya lile joka mawingu yalikuwa hayakosekani. Jina la Kusanagi, yaani mkata nyasi, linaelezwa kwa hadithi ya pili. Mtoto wa mfalme, Yamato Takeru, alitumwa kwenda vitani mashariki. Akapitia hekalu la Ise kumuaga shangazi yake, naye akampa upanga pamoja na kifuko, akamwambia akifungue akipata shida. Huko mbele wenyeji wakamhadaa aingie kwenye mbuga, kisha wakachoma nyasi kumzunguka. Akafungua kifuko akakuta kifaa cha kuwashia moto. Akafyeka nyasi zilizomzunguka kwa upanga, akawasha moto wake mwenyewe ukaenda kukutana na ule wa maadui. Akapona.

Mwisho wake unasikitisha. Aliporudi alifikia kwa mkewe, Miyazu, katika nchi ya Owari. Akaacha upanga kwake, akapanda mlima Ibuki kupambana na mungu wa huko akisema atamkabili mikono mitupu. Akashushiwa mvua ya mawe, akaugua, akafa njiani. Upanga ukabaki Owari, kwenye hekalu liitwalo Atsuta. Leo hekalu hilo liko ndani ya jiji la Nagoya.

PILI, REKODI

Sasa hapo ndipo nilipoishia darasani mwaka jana, na hapo ndipo nilipostahili kuulizwa swali. Maana mpaka hapa tuna hadithi tu. Na hata hadithi yenyewe haikubaliani: Kojiki inasema mbuga ya moto ilikuwa Sagami, Nihon Shoki inasema Suruga. Ndani ya Nihon Shoki kwenyewe, matini kuu inampa sifa moto aliouwasha, halafu pembeni wanaongeza kwamba wengine husema upanga ulichomoka wenyewe ukafyeka nyasi. Wapo pia wataalamu wa lugha wanaosema "nagi" ni neno la kale la nyoka, kwa hiyo huenda jina halikuhusu nyasi tangu mwanzo, na hadithi ya moto ilikuja baadaye kulieleza.

Lakini geuza kurasa za Nihon Shoki polepole, utaona kitu kinabadilika. Miungu inapungua, tarehe zinaongezeka. Ukifika mwaka 668 unakuta habari fupi, kavu, haina joka wala mawingu ya ajabu: mwaka huu mtawa aitwaye Dōgyō ameiba upanga wa Kusanagi akakimbilia Silla, yaani upande wa Korea, lakini njiani akakutana na upepo na mvua, akapotea, akarudi. Basi. Imeandikwa kama ripoti ya polisi.

Mwaka 686 kuna nyingine. Mfalme Tenmu anaumwa. Wapiga ramli wanasema ni laana ya upanga wa Kusanagi. Siku hiyo hiyo upanga unapelekwa hekalu la Atsuta, Owari. Mfalme naye akafa mwaka huo huo.

Hebu fikiria kama mwanahistoria. Kitabu kimekamilika mwaka 720. Kati ya 686 na 720 ni miaka 34. Wakati kinaandikwa walikuwepo watu wazima walioishi siku zile mfalme alipougua. Tena kwa kitabu cha serikali kilichotaka kuutukuza ufalme, kukiri kwamba upanga mtakatifu uliibwa, na kwamba ulimdhuru mfalme, si sifa. Mtu hujitungia sifa, hajitungii aibu. Kwa hiyo naweza kusimama mbele ya darasa nikasema kwa kifua: katika karne ya 7 palikuwa na upanga uitwao hivyo, uliwahi kukaa ikulu, na mwaka 686 kuna mtu aliubeba akaupeleka Atsuta. Kwamba ulitoka mkiani mwa joka, hilo ni suala jingine, wala rekodi hii hailithibitishi.

TATU, ULIOZAMA BAHARINI

Hapa wengi huchanganya, hata mimi nilichanganya. Panga ziko mbili. Mmoja ni huo wa Atsuta. Mwingine ni wa ikulu, uliotengenezwa kwa mfano wa ule wa kwanza ili mfalme awe nao karibu. Msiuite feki, kwa Wajapani si feki. Unabeba heshima ile ile, na huo ndio unaotumika kwenye sherehe za kifalme.

Huu wa ikulu ndio uliopata mkasa. Karne ya 12 koo mbili kubwa za wapiganaji, Taira na Minamoto, zilikuwa zinagombea nchi. Taira walipokimbia mji mkuu mwaka 1183 walimbeba mfalme mtoto, Antoku, pamoja na hazina zote tatu. Wenzao waliobaki wakamweka mfalme mwingine, Go-Toba, bila hazina hata moja. Kasheshe: wafalme wawili, mmoja ana vitu, mwingine ana mji.

Tarehe 25 Aprili 1185 mambo yakaisha kwenye mlango wa bahari wa Dan-no-ura. Merikebu za Taira zilipozidiwa, bibi yake Antoku, mama wa kikabila haswa, akachomeka upanga mkandani, akachukua na kito, akamkumbatia mjukuu wake, wakajitosa baharini. Antoku alikuwa na miaka sita kwa hesabu yetu. Kwa hesabu ya Wajapani wa zamani, ambao mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja na anaongeza kila mwaka mpya, alikuwa na miaka minane.

Kioo kiliokolewa. Kisanduku cha kito kilielea, kikaokotwa. Upanga ulizama. Walitumwa wazamiaji, zikafanyika dua, haukupatikana mpaka leo.

Mimi kilichonishangaza ni yaliyofuata. Ungetegemea ufalme uanguke. Haukuanguka. Kwa muda walitumia upanga mwingine wa ikulu, na baadaye ukachukuliwa uliotoka hekalu la Ise, ndio ukawa upanga wa ufalme. Lakini watu walihitaji maelezo, na maelezo yakaja mawili. Msomi mmoja mtawa, Jien, aliandika mnamo 1220 kwamba upanga umeondoka kwa sababu kazi yake imechukuliwa: zamani upanga ulimlinda mfalme, sasa wanaomlinda ni wapiganaji. Ukiangalia, ni uchambuzi wa siasa kabisa, maana ni kweli tangu hapo madaraka yalihamia kwa mashogun. Wasimulizi wa vita vile wao wakasema: joka limekuja kuchukua mali yake. Vichwa vinane, mikia minane, mfalme wa miaka minane. Nilipofika hapo maktaba nilisisimka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kulikoni.

NNE, WALIOCHUNGULIA

Ule wa Atsuta je? Kuna simulizi iliyoandikwa enzi za Edo, ya makuhani wa Atsuta walioshindwa kuvumilia wakafungua sanduku kwa siri. Inasema walikuta sanduku la mbao, ndani yake sanduku la jiwe, katikati pamesindiliwa udongo mwekundu. Ndani ya jiwe kuna gogo la mti wa kafuri lililochongwa, limetandikwa dhahabu, na juu yake umelala upanga. Urefu kama sentimita 82 hadi 85, umbo la jani refu jembamba, katikati umenenepa, sehemu ya kuelekea mpini ina vituta kama uti wa mgongo wa samaki, na rangi yake nyeupe. Simulizi inaendelea kwamba waliochungulia walipatwa na maradhi wakafa.

Kama chanzo cha historia, hiyo ni masimulizi ya mtu mmoja yaliyotufikia kwenye maandishi, huwezi kuyaegemea kwa uzito wote. Ila angalia: anayetunga kwa kutaka kushangaza angesema una vito vya almasi na unawaka moto. Huyu anazungumzia uti wa samaki na udongo uliosindiliwa.

Halafu kuna ardhi nayo. Mwaka 1984, kule kule Izumo kwenye hadithi ya joka, mahali paitwapo Kōjindani, wachimbaji walikuta panga za shaba nyeusi 358 zimelazwa kwa mistari kilimani. Kabla ya hapo panga za aina hiyo zilizowahi kupatikana Japani nzima zilikuwa kama 300 tu. Mwaka 1996, si mbali na hapo, wakapata kengele za shaba nyeusi 39. Hakuna mule upanga wa Kusanagi, wala hakuna joka. Lakini watu waliokuwa wakiidharau Izumo kama nchi ya hadithi tu ilibidi wakae wafikiri upya. Palikuwa na nguvu pale, palikuwa na mali na ibada ya panga. Na wapo wanaolisoma joka kama mto wenyewe, Hii, wenye matawi mengi, unaofurika na kumeza mashamba, kwenye nchi iliyojulikana kwa mchanga wa chuma. Mimi sishiki upande hapo, ila siwezi tena kucheka.

TANO, HOFU YA MFALME

Kama bado unadhani kitu kisichoonekana hakina uzito, sikia hii. Mwaka 1945 Nagoya ilipigwa mabomu ya kutosha, na majengo mengi ya Atsuta yaliungua. Mwaka 1946 Mfalme Hirohito aliwasimulia wasaidizi wake kumbukumbu za vita, na maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1990. Anapoeleza kwa nini aliona lazima vita viishe, mojawapo ya sababu anazotaja ni hii: adui akishuka ghuba ya Ise, hekalu la Ise na la Atsuta yataangukia mikononi mwake mara moja, na hakutakuwa na nafasi ya kuhamisha hazina. Miji imeteketea, watu wamekufa kwa malaki, na kichwani mwa mfalme kuna kioo na upanga. Sijui kama nisikitike au nishangae. Nadhani vyote viwili. Lakini pale niliona wazi kwamba kitu ambacho hakuna anayekiona kiliingia kwenye hesabu za kumaliza vita kuu ya dunia.

Na tarehe 1 Mei 2019, Mfalme Naruhito aliporithi kiti, ulimwengu mzima uliangalia kwenye televisheni sherehe ya dakika chache. Watumishi wakaingia na masanduku yaliyofunikwa kitambaa: upanga wa ikulu na kito. Yakawekwa mezani mbele yake, yakachukuliwa, mfalme akaondoka nayo. Hakuna aliyefungua. Hakukuwa na mwanamke wa ukoo wa kifalme mle ndani, mila inawazuia. Mwanamke pekee alikuwa waziri mmoja wa serikali. Kuna Wajapani wanaohoji hayo yote hadharani, na wana haki yao.

KWA HIYO WANAJUAJE?

Hili ndilo jibu ambalo yule binti alistahili.

Hawajui kwa macho. Wanajua kama tunavyojua kuwa kuna mtu alipita shambani usiku: kwa nyayo. Upanga huu umeacha nyayo. Kuna mtawa aliyeuiba mwaka 668, kuna mfalme aliyeuogopa mwaka 686. Mwenzake wa ikulu amezama na mtoto mwaka 1185, na ametajwa upya kwa mfalme mpya mwaka 2019. Nyayo zinatuambia kwamba kuna kitu kilipita na kilikuwa na uzito. Hazituambii rangi ya shati la aliyepita. Kazi ya mwalimu wa historia ni kusema wazi wapi nyayo zinaishia na wapi anaanza kubuni. Mwaka jana mimi nilivichanganya vyote kwenye sufuria moja, halafu nikamkasirikia aliyeonja akasema kuna mchanga.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule binti barua, kurasa mbili, nikampa mwalimu aliyekuwa mwenyeji wangu pale shuleni amfikishie. Sentensi ya kwanza niliandika: swali lako lilikuwa zuri kuliko somo langu, naomba radhi. Sijapata majibu, na sidai.

Mnaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu, chukueni hilo. Mkono ukinyooshwa dawati la nyuma, msiukate. Mkikosa jibu semeni nitalitafuta, kesho nitakuja nalo. Hakuna atakayekufa.

Ngoja niishie hapa, foleni ya wali maharage kafeteria imeanza kufika mlangoni na mimi nina njaa ya joka la vichwa vinane. Mwenye swali aulize, leo sifukuzi mtu. Tuonane wiki ijayo, bumu likitoka.